Helikopta Iliyolazwa

Kamandi ya Pamoja haikuwa na hata baiskeli. Watu wa nje walipoliona lile jengo la ghorofa nne, na bendera zake na walinzi wake wenye viatu vya kung'aa, walidhani ndani kumejaa mizinga. Ndani kulikuwa na meza, simu, ramani, birika la chai linalovuja, na ubao. Kila kinachoruka, kinachoelea au kinachokanyaga ardhi kilikuwa chini ya majeshi matatu yenyewe, na kazi ya Kamandi ilikuwa kuviomba, kuvipanga na kuvituma vikafanye kazi pamoja. Majeshi yasipoleta vyao, Mkuu wa Kamandi alibaki mzee mmoja tu mwenye nyota begani na kijiti cha kuonyeshea ramani.

Ndiyo maana ubao ulikuwa kila kitu. Kila asubuhi saa mbili na nusu, wawakilishi watatu, mmoja wa kila jeshi, walisimama mbele yake na kubandika kadi zao. Kijani maana yake kipo tayari. Njano, kipo ila kina shughuli. Nyekundu, kibovu, usikihesabu. Mkuu aliusoma ubao kama mtu anavyosoma saa ya ukutani, hakubishana nao, kisha akaipanga siku.

Wawakilishi hao hakuna aliyewaita kwa majina. Sajini wa jeshi la anga aliitwa Anga, basi. Wa wanamaji aliitwa Maji. Wa nchi kavu aliitwa Kavu, ingawa alikuwa mtu mnene aliyelowa jasho hata feni ikizunguka juu ya kichwa chake, na utani huo alikuwa ameuchoka tangu mwaka wa kwanza. Anga alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote jengoni, na kwa miaka sita kadi zake hazikuwahi kubandikwa kombo.

Kombo hazikukaa, lakini uongo zilisema.

Mchezo wenyewe uliitwa kulaza. Kila jeshi lilikuwa na kitu kimoja kizima kabisa ambacho lilikiandika kibovu, ili Kamandi isikichukue. Na walikuwa na sababu zao. Lori la Kavu liliwahi kwenda kwenye kazi ya pamoja likarudi mlango umefungwa kwa waya. Boti ya Maji ilirudi inanuka mbuzi, na mpaka leo hakuna aliyeeleza mbuzi walipanda lini. Kwa hiyo wakubwa wa kila jeshi, kila mmoja huko makao yake, wakawaambia wawakilishi wao: toa, lakini bakiza. Asubuhi, kabla ya kikao, Kanali wa anga alipiga simu.

"Umemlaza?"

"Nimemlaza, afande."

"Vizuri. Asiamshwe bila mimi."

Na wawakilishi wenyewe walijuana. Wakinywa chai walichokozana. "Wako amelala?" Maji aliuliza. "Anakoroma," Anga alijibu, na Kavu akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Mkuu tu ndiye waliyedhani hajui. Waliona ni utundu mdogo wa nyumbani, kama watoto wanaoficha nyama chini ya ugali ili kaka mkubwa asiione, na Anga, mtu wa kusali na kuchana nywele vizuri, hakuona haya hata kidogo. Haya ilikuwa bado iko njiani.

Mwezi ule ukanda wao ulikuwa na helikopta mbili. Moja ilikuwa kaskazini na kazi zake. Ya pili ilikuwa imelazwa siku kumi na moja, kwa sababu Kanali alitaka ioshwe na kupakwa rangi mpya mkiani kwa ajili ya gwaride la jeshi la anga wiki iliyofuata. Kadi nyekundu haibandikwi bila sababu, kwa hiyo Anga alijaza fomu: pampu ya mafuta inavuja. Palikuwa na nafasi ya jina la fundi aliyegundua hitilafu, na hapo akaandika fundi mkuu wa karakana, ambaye alikuwa shemeji yake mwenyewe, mume wa dada yake mkubwa. Hakumwuliza. Aliona ni mambo ya karatasi tu, na karatasi hazimwumi mtu.

Jumanne moja, mvua ikiwa imekatika alfajiri baada ya siku tatu, redio iliita saa nne na robo asubuhi. Ilikuwa kituo cha mawasiliano kwenye rasi, ng'ambo ya mto, ambako askari tisa wa majeshi yote matatu walikaa wakilinda mitambo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeporomoka na kumbana mtu wao wa redio, koplo wa kike. Wamemtoa, lakini mguu umevunjika na damu haikatiki. Daraja la mto limekwenda na maji. Wanaomba msaada wa haraka.

Mkuu hakupoteza hata dakika. Alisimama mbele ya ubao na kijiti chake.

"Anga."

"Moja iko kaskazini, afande. Ya pili iko chini. Pampu."

"Maji."

"Boti ya mwendo kasi ina injini moja tu, afande."

"Kavu. Lile lori refu la kuvukia mito?"

"Gia, afande. Liko gereji."

Anga alijua kabisa ilipo helikopta yake. Ilikuwa kwenye banda lake, tangi limejaa, rubani anacheza karata kivulini, na rangi ya mkiani imekauka tangu jana. Dakika arobaini kufika rasi. Alijua pia kwamba injini zote mbili za boti ni nzima, na kwamba gia ya lile lori haijawahi kumsumbua mtu tangu linunuliwe. Kadi tatu nyekundu, uongo mtupu, zilikuwa zimepangana vizuri ukutani kama meno.

Mkuu aligeuka akawatazama mmoja mmoja. Hakupaza sauti.

"Nauliza mara ya pili. Kuna chochote, mahali popote, ambacho hakimo kwenye ubao huu?"

Macho yote yaliwageukia. Maofisa kumi na wawili, makarani, hata mtu wa chai alisimama na sinia yake. Anga alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, atakuwa amekiri siku kumi na moja za uongo mbele ya watu wote hawa, na Kanali atamla mzima mzima. Maji atasema, alijiambia. Boti haina rangi mpya wala gwaride, kumwamsha wake si kazi. Akamtazama Maji. Maji alikuwa anamtazama Kavu. Kavu, jasho likimchuruzika shingoni, alikuwa anamtazama yeye.

"Hakuna, afande," Anga akasema.

Alikuwa wa kwanza kusema, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza, wale wawili waliitikia nyuma yake kama kwaya. Hakuna, afande. Hakuna, afande.

Mkuu aliagiza gari la wagonjwa lizunguke kwa barabara ya milimani. Mwendo wa saa saba, kwenda na kumfikisha hospitali. Halafu akamsukumia Anga kipaza sauti cha redio. "Una sauti tulivu. Waambie wewe."

Aliwaambia. Alisema hakuna chombo cha angani leo, gari linakuja kwa barabara ya juu, mwendo wa saa saba mpaka hospitali, jikazeni. Aliyejibu alikuwa majeruhi mwenyewe, maana redio ilikuwa kazi yake na hakutaka mtu mwingine aishike. Sauti ilikuwa ndogo na ya adabu.

"Nimepokea, afande. Asante."

Saa kumi na moja na nusu jioni habari zikaja kwamba koplo amefika hospitali yuko hai, na kwamba mguu wa kulia hauponi, utakatwa juu ya goti. Wawakilishi watatu walikuwa wamekaa kwenye meza yao ya chai, kila mmoja anaangalia kikombe chake.

"Nilidhani utamwamsha wako," Maji alisema mwishowe.

"Na mimi nilidhani wewe," Anga akasema.

"Mimi nilidhani ninyi wote wawili," Kavu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakukuwa na mzaha hata chembe usoni pake. "Wallahi nilijua mmoja wenu atasema. Nilikuwa nimeshaanza kushusha pumzi."

Hakuna aliyemaliza chai. Anga alikwenda chooni akanawa uso mara tatu, akajitazama kwenye kioo, akashindwa kujitazama, akanawa tena.

Tume ya uchunguzi iliundwa siku ya Alhamisi, na Ijumaa Kanali alipiga simu. Hakuuliza kama amemlaza. Alisema tume itataka kujua kwa nini pampu moja ichukue siku kumi na moja, na jibu lipo: uzembe wa karakana. Fundi mkuu alitakiwa kuibadilisha, hakuibadilisha.

"Lakini afande, pampu ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima wapi? Fomu inasema mbovu. Mwandiko wako huo, au wa nani?"

Anga aliihamishia simu sikio jingine.

"Fundi anastaafu mwezi wa tisa," Kanali akaendelea kwa upole, kama anayempa mgonjwa dawa. "Atakwenda miezi michache mapema, basi. Wewe bado una miaka kumi na mitatu mbele. Tulia."

Jumamosi mchana shemeji yake akabisha hodi. Alikuwa amevaa shati la kwendea msikitini, limepigwa pasi, na mkononi ameshika barua ya tume iliyokunjwa mara nne. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabu, mikono yake haitakati mafuta hata akiisugua kwa mchanga. Yeye ndiye aliyempeleka Anga kuandikishwa jeshini alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa, akamwombea nafasi, akamfundisha kukaza nati bila kuiua. Alikaa kwenye ncha ya kochi.

"Shemeji, samahani kukusumbua siku ya mapumziko."

"Hakuna usumbufu, shemeji. Karibu."

"Wanasema niliripoti pampu mbovu, halafu nikaiacha siku kumi na moja." Aliifungua barua, akaikunja tena. "Mimi sikuripoti pampu. Ile helikopta nilikuwa naiwasha kila asubuhi, inaimba. Mtu ameniandikia. Miaka ishirini na sita, shemeji, sijawahi kuacha chombo changu kibovu hata usiku mmoja, leo ninaambiwa mguu wa mtoto wa watu umekwenda kwa uzembe wangu. Jana sikula. Dada yako amenisihi mpaka amelia."

Anga alimsogezea glasi ya maji.

"Sasa wewe uko pale ubaoni, unaziona karatasi. Nisaidie kitu kimoja tu. Niangalizie ni nani aliyeandika."

Hapo ndipo pa kusema, na hakusema.

"Nitaangalia, shemeji."

"Mungu akubariki." Uso wa fundi ulifunguka kidogo. "Ndivyo nilivyomwambia dada yako. Nilimwambia, maadamu mdogo wako yuko kule, mimi sina wasiwasi."

Alipoondoka, Anga alikaa palepale mpaka jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Alijaribu kujitetea, na kila neno alilolipata lilinuka. Kanali aliniagiza. Wote wanafanya. Sikujua. Alijua. Fomu aliijaza kwa kalamu yake ya wino mweusi, ile anayoipenda, na jina la shemeji yake aliliandika kwa nakshi. Aibu ilimpanda kuanzia kifuani hadi masikioni, akajisikia joto kama mtu mwenye homa, akatamani ardhi ipasuke immeze na sare zake.

Jumatatu alifika kazini saa moja. Aliwakuta Maji na Kavu wanapanga kadi.

"Naingia kwa Mkuu," aliwaambia. "Naenda kusema yangu. Yenu sitayagusa."

"Utatuchoma wote!" Maji akamshika mkono. "Ukisema yako, ataacha kuuliza yetu? Una akili wewe? Fundi ni mtu mzima, atajitetea mwenyewe."

"Fundi ni shemeji yangu," Anga akasema, "na hata asingekuwa." Akautoa mkono wake.

Mkuu alikuwa amevua koti, anakula ndizi juu ya faili. Alimsikiliza mpaka mwisho, ndizi ikiwa mkononi. Anga alisema yote: helikopta, rangi, gwaride, simu za asubuhi, jina la fundi aliloliandika bila ruhusa, na "hakuna, afande" aliyoitamka akijua ipo. Alipomaliza, Mkuu aliiweka ndizi chini.

"Kwamba mnalaza, nilijua," alisema. "Nilipokuwa na cheo kama chako nililaza vifaru viwili, mwaka mzima. Niliona ni ujanja, na nilipokuja kukaa kiti hiki nikaona aibu kuwakemea kwa jambo nililolifanya mwenyewe. Nikawaacha. Hilo ni langu, nami nitaliandika." Alimtazama usoni. "Lakini ndiyo maana niliuliza mara ya pili, Sajini. Mara ya kwanza niliuliza ubao. Mara ya pili niliwauliza ninyi. Nilijua kuna mmoja mahali fulani. Nilikuwa nasubiri mniambie yupi."

Anga alisimama wima, machozi yakimtiririka, hakuyafuta.

"Na hawa wawili wengine?"

"Watakuja wenyewe, afande. Au hawatakuja."

Mkuu aliandika kwa dakika kadhaa. Fundi ataondolewa kwenye shauri leo hii, alisema, kwa barua, nakala kwa karakana yote ili kila mtu aisome. Kanali ataitwa. Yeye Anga atasubiri mahakama ya kijeshi, na asitegemee kubaki na cheo. Anga aliitikia ndiyo afande kwa kila jambo, na kila moja lilimpunguzia uzito kidogo, mpaka akaanza kuhisi, Mungu amsamehe, kama mtu aliyekwisha kulipa.

"Unisamehe, afande," akasema.

"Mguu si wangu," Mkuu akajibu, na akarudi kwenye faili lake.

Nje, kwenye benchi la kusubiri, Kavu alikuwa amekaa na kofia juu ya magoti, shati limelowa mgongo mzima. Alisimama, akajifuta uso kwa leso, akabisha mlango. Maji hakuonekana siku hiyo wala kesho yake.

Anga alitoka hapo akaenda hospitali ya jeshi, mwendo wa robo saa. Koplo alikuwa kwenye chumba cha wanne, kitanda cha dirishani, binti wa miaka ishirini na saba mwenye nywele fupi, anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti. Shuka lilikuwa limelala tambarare upande wa kulia. Anga alisalimia tu, hajataja yeye ni nani, na yule binti akainua kichwa.

"Ni wewe!" akasema, akitabasamu. "Sauti hiyo siwezi kuisahau. Karibu, mama. Kaa, kuna kiti pale. Nilikuwa nasema nikipona nitakutafuta nikushukuru. Mlihangaika sana kwa ajili yangu."

Anga hakukaa.

"Helikopta ilikuwepo," akasema. "Nzima, ina mafuta, ina rubani. Niliificha mimi, kwa ajili ya gwaride. Nilikuwa najua ipo wakati nakuambia haipo."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, kama limesahauliwa, kisha likaondoka. Koplo aliliweka gazeti pembeni na kalamu juu yake.

"Ingechukua muda gani?"

"Dakika arobaini."

Koplo alihesabu kitu kichwani. Alipoanza kusema hakumtazama Anga, alitazama dirishani.

"Tabibu wetu pale kituoni alikuwa ameshika damu kwa mikono na vitambaa. Aliniambia hivi anaweza kunishikilia saa moja, labda na nusu, na mguu utapona. Lakini kama ni saa saba, lazima afunge mkanda wa kuzuia damu juu ya goti asiulegeze tena, na mguu utakufa." Alilainisha shuka upande wa kulia. "Yeye hakukubali. Alisema haiwezekani, lazima ipo helikopta mahali, tungoje. Alitaka niwaite tena niwabane. Akanisihi kabisa. Mimi ndiye niliyebisha, mama. Nilimwambia yule mama wa makao makuu amesema hakuna, na mtu mwenye sauti kama ile hawezi kutudanganya. Nikamwambia afunge."

Anga hakujua auweke wapi uso wake.